Je, Mkimbizi Apande Mti?



Jumapili moja baada ya ibada ndugu mmoja alituuliza huku akicheka, "Mmejenga kabisa! Kwa hiyo ninyi hamrudi tena?" Tulicheka naye. Tulipofika nyumbani hatukucheka tena. Swali lile limekaa nasi majuma mengi, na tulipoombwa kuandika kidogo juu ya maisha ya familia changa katika makazi haya, tuliona afadhali tuandike juu ya hilo kuliko juu ya usafi wa vyombo, ambao wengine wanaujua kutushinda.

Sisi ni mume na mke, tuna watoto wawili. Tunaandika pamoja. Pale tusipokubaliana tutasema "mmoja wetu" bila kutaja ni nani. Majirani watajua tu.

Tulivuka mpaka wa Bunagana mwisho wa Machi 2022, mtoto wetu wa kwanza akiwa na mwaka mmoja, mgongoni. Tulikaa kituo cha mapokezi cha Nyakabande, kule Kisoro, kisha basi likatuleta hapa Nakivale. Tulipewa kiwanja, shitingi, fito, jembe, sufuria na mablanketi. Kiwanja tulikipima kwa hatua: 30 upande wa njia, 28 upande wenye kichuguu. Usiku ule wa kwanza chini ya shitingi tulipatana neno moja: hapa hatujengi, tunajihifadhi tu.

Mmoja wetu alikuwa na sababu nzito ya kusema hivyo. Alikimbia akiwa mtoto mwaka 2008, akakimbia tena 2012, na kila mara baba yake alirudi, akakuta nyumba haina mabati wala milango, akaanza upya. Mtu aliyeona hivyo hana hamu ya kukanda udongo wa nyumba nyingine. Anajua nyumba ni kitu kinachomfunga mtu siku anayopaswa kukimbia. Wasomaji wengi mnatoka Rutshuru, Masisi, Fizi au Ituri, hatuna haja ya kuwaeleza zaidi.

Basi neno "ni ya muda" likawa jibu letu kwa kila kitu. Mlango ni gunia? Ni wa muda. Fito ni nyembamba? Nyumba ni ya muda. Shimo la choo tulilichimba likafika juu kidogo ya kiuno, mikono ikachoka, tukasema linatosha, maana hatutakuwa hapa mpaka lijae. Bustani hatukulima. Nani analima kwa majuma machache?

Mvua za Oktoba zilikuja. Usiku mmoja ukuta wa upande wa kichuguu uliporomoka wote kwa pamoja, juu ya mkeka ambao mtoto alikuwa akilala kila siku. Usiku ule alikuwa na homa, tukawa tumemchukua kwetu upande wa pili. Hatukusemezana mpaka asubuhi. Udongo ule hatukuukanda vizuri kwa sababu ya neno letu, na neno letu lilikuwa karibu kutugharimu mtoto.

Baada ya mwaka choo kilijaa. Jirani yetu wa karibu ni koko mmoja aliyefika Nakivale miaka mingi kabla yetu, na upepo unaelekea kwake. Alikuja, akakataa kiti, akasema, "Watoto wangu, mimi siwazuii kuondoka. Lakini ninyi mtaondoka na choo kitabaki. Mnaniachia mimi?" Tuliomba radhi. Alikuwa na haki kabisa. Mpaka siku ile tulidhani kwamba kuishi kwa muda ni jambo letu wenyewe, aina ya saburi, hata aina ya uaminifu kwa nchi yetu. Koko alituonyesha kwamba mtu anayesema "mimi napita tu" mara nyingi anamwachia mwingine kazi ya kubaki. Anatumia kisima na hafiki siku ya kukisafisha. Anakata kuni na hapandi. Anamwachia mwenye kubaki gharama ya kupita kwake.

Tulichimba shimo jipya, refu kuliko mtu.

Kuhusu nyumba tulibishana zaidi. Na hapa tunataka kusema juu ya mtoto, maana ni yeye aliyetushinda kwa hoja. Alipoanza kusema vizuri alikuwa akiita nyumba hii "kwetu". Sisi tulimsahihisha kila mara, kama mtu anavyomsahihisha mtoto anayeshika kijiko vibaya: kwetu ni Jomba, hapa si kwetu. Jioni moja tulikuwa tunatoka kuteka maji, akachoka, akasema, "Twende kwetu." Mmoja wetu akasema yale ya kila siku. Mtoto akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa pale ni kwa nani?"

Tujibu nini? Ni kwa serikali ya Uganda? Ni kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, iliyotugawia kiwanja? Yote ni kweli, lakini mtoto hakuuliza habari za ofisi. Alitaka kujua kama mahali anapolala, anapojua kila jiwe na kila mbuzi wa jirani, ni mahali pake au anapaazima. Jomba hakumbuki. Jomba ni jina tunalolitaja usiku kwa sauti ya chini. Tulikuwa tunamnyang'anya mahali pekee anapopajua ili tumpe pengine asipopaona. Tulifanya hivyo kwa upendo, ndiyo, lakini upendo ule ulikuwa kwa ajili yetu zaidi kuliko kwa ajili yake.

Lugha yetu ina maneno mengi ya jambo hili: nyumba, makao, makazi, maskani, kwetu. Nyumba hujengwa. "Kwetu" hakujengwi kwa mikono, mtu hukukuta. Na hapa penyewe serikali inapaita makazi, haipaiti kambi, lakini wengi wetu bado tunasema "kambini", hata waliozaliwa hapa. Tumejiuliza kama si namna ile ile ya ukuta wetu wa kwanza: jina jepesi ili tusije tukakaa.

Wazee wengine watatujibu kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Tunaiheshimu. Lakini methali ile inamsema anayeacha, na sisi hatukuacha, tulifukuzwa. Wengine watasema, kama wahubiri wanavyopenda kusema, kwamba duniani sote ni wapitaji, basi nyumba zote ni za muda. Ni kweli. Hata hivyo mwenye hati ya shamba lake na asiyekuwa nayo hawapiti sawasawa, na maneno hayo hutoka kirahisi zaidi kinywani mwa mwenye hati.

Sasa tufike kwenye mti, ambao ni mgumu kuliko nyumba.

Mmoja wetu alitaka kupanda avoka mbele ya mlango. Avoka ya mbegu inaweza kukaa miaka mitano, saba, hata zaidi, kabla ya kuzaa. Mwingine akasema, "Ukipanda huo umeshakubali miaka saba." Hilo ndilo lililomwumiza. Nyumba ya udongo mtu anaweza kuiacha leo, lakini mtu anapopanda mti anataja idadi ya miaka. Kama miaka saba imetamkwa kwa jembe, nani atasema tena "mwaka ujao tutarudi"?

Na kuna jambo zito zaidi ya huzuni yetu. Tunakodi kipande cha shamba kwa mwenyeji mmoja, nje ya makazi. Ni mtu mwema. Alituambia siku ya kwanza: maharagwe sawa, mahindi sawa, muhogo tuzungumze, migomba hapana. Hakueleza, na hatukuuliza, maana tulielewa. Mti ni shahidi. Kwetu Kivu ya Kaskazini wazee wakikaa kusikiliza kesi ya shamba huuliza ni nani aliyepanda miti ile. Vita vyetu vina mizizi mingi, na mmojawapo ni swali la nani alitangulia katika udongo ule, na nani ni mgeni. Sasa sisi, tuliotoka kwenye swali hilo kwa miguu, tulete mbegu yake katika nchi iliyotupokea?

Sheria ya hapa iko wazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010 zinatupa nafasi ambayo ndugu zetu katika nchi nyingine hawana: kufanya kazi, kutembea, kulima kipande tulichogawiwa. Lakini kipande hicho hatuwezi kukiuza wala kukikodisha. Ni chetu kwa kutumia tu. Kwa hiyo swali ni hili: je, inafaa kumfanyia kazi ya miaka mingi udongo ambao si wako, na ambao hutaki uwe wako?

Tulitafuta walioulizwa swali hili kabla yetu, na wako wengi kuliko tulivyodhani, wengine katika nchi hii hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Uganda. Walikuwa wamefukuzwa makwao na kupelekwa Siberia, wakatoka kupitia Iran, na tangu 1942 wengine wakakalishwa Nyabyeya, karibu na Masindi, na wengine Koja kando ya ziwa Victoria. Walingoja vita viishe warudi. Vita vilipokwisha 1945, sehemu za mashariki walikotoka wengi wao zilikuwa zimetiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, na wengi hawakuwa na pa kurudi. Kambi zikafungwa, wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Lakini pale Nyabyeya walikuwa wamejenga kanisa, kanisa la kudumu, na linasimama mpaka leo, wenyeji wanasali humo. Makaburi yao yako karibu.

Mmoja wetu anaona katika habari hiyo huzuni tu: walijenga, na hawakurudi. Mwingine anaona kwamba hawakukosa kurudi kwa sababu ya kujenga. Wangeweza kulala miaka yote ile kwenye vibanda vibovu na mpaka wa nchi yao ungesogezwa vilevile. Kuishi vibaya hakumharakishii mtu njia ya kurudi. Tunarudia hilo kwa sababu lilituchukua muda mrefu kuliamini. Kwa siri tulikuwa tunafanya biashara na Mungu, au na vita: sisi tutateseka kidogo kwa hiari, na ninyi mtafupisha siku.

Tena makazi yetu yenyewe yanashuhudia. Nakivale ilianza kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Wengi wa watu wale na watoto wao walirudi Rwanda 1994 na baada yake, zaidi ya miaka 30. Walikuwa wamelima hapa, wamefuga, wameoa na kuzika, na siku ilipofika walikwenda. Kulima hakukuwafunga. Kwa upande mwingine, Warundi waliokimbia 1972 wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo kule Tanzania, wengine walirudi Burundi, na wapatao 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania, vyeti vikitolewa tangu 2014. Wote hao, wa kurudi na wa kubaki, walipoanza walisema "ni kwa muda", na walikuwa wa kweli. Hakuna aliyejua muda wake.

Wasomaji wa jarida hili mtakuwa mmeshafikiri juu ya barua ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli, sura ya 29, aliyowaambia wajenge na wapande na kuutakia heri mji ule. Inasomwa sana hapa. Sisi tunawaomba msome pia sura iliyotangulia, ambayo haisomwi sana. Mle yumo Hanania, aliyeahidi kwamba kabla ya miaka miwili kupita wote watarudi. Yeremia alipomsikia, neno lake la kwanza lilikuwa Amina. Alitamani iwe hivyo. Hakuwa mtu aliyependa uhamisho, wala hakuwadharau waliohesabu siku. Kila mwaka Hanania hupita hapa Nakivale pia, kwa simu, kwa redio, kwa mtu aliyetoka Goma. Tunasema Amina. Kisha tunakwenda kumwagilia maji.

Ndiyo, mti tuliupanda. Lakini kabla ya kuupanda tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwa koko, tukasema mbele yao kwamba siku tukiondoka mti huu hatuuzi, wala hatuudai, atakula atakayekuwepo. Mwenyekiti alicheka kwamba tunaleta kesi ya mti usiokuwa na majani. Koko hakucheka. Alisema kwa umri wake hana hakika ya kuuonja, lakini kivuli kitafika kwake mapema kuliko avoka, na hilo linamtosha. Katika shamba la mwenyeji hatukupanda mti wowote, na hatutapanda. Kuna mahali ambapo heshima ni kupanda, na kuna mahali ambapo heshima ni kutopanda, na mtu asipoona tofauti hiyo akae aulize kwanza.

Tusijisifu. Bustani yetu haikuanza kwa fikra hizi. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa familia za wakimbizi wa Uganda katika makundi kulingana na uhitaji, mgao wa wengi ukapungua, na wetu pia. Njaa ndiyo iliyotupa jembe mkononi, fikra zilikuja tukiwa tayari tunapalilia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu husema methali hii kwa kumcheka mgeni mvivu. Sisi tumeanza kuisikia vingine. Anayepewa jembe amehesabiwa, si wa kutazamwa tena amekaa kitini. Lakini methali haisemi siku ya nne inakuwaje, wala jembe linalima udongo wa nani. Hilo wahenga walituachia sisi.

Nyumba nayo tuliijenga upya, kwa matofali mabichi ya kukausha juani. Ya kuchoma ni imara zaidi, lakini tanuri linakula kuni, na kuni zinatoka kwenye vichaka vya watu ambao tayari wanalalamika, kwa haki, kwamba tumemaliza miti yao. Tuliinua msingi kwa mawe upande wa kichuguu.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hatukumwambia. Mama mzazi wa mmoja wetu alibaki kule. Mtandao ukipatikana tunazungumza naye, na kwa mwaka mzima alipouliza tunakaaje tulisema, "Tuko chini ya shitingi tu, mama." Tuliogopa kwamba akisikia tumejenga ataelewa hatuji tena, na mzee akielewa hivyo huacha kungoja. Hii ndiyo sehemu tunayoionea haya kuliko choo. Tulimdanganya mama ili tuonekane waaminifu.

Mwishowe mtoto ndiye aliyesema, akishika simu kwa mikono miwili: "Koko, kwetu kuna mlango wa mbao!" Kimya kikawa kirefu, tukadhani mtandao umekatika. Kisha mama akauliza, "Unafungwa vizuri?" Tukasema unafungwa. Akasema, "Basi mtoto halali tena kwenye baridi." Akauliza na mbegu za maharagwe aliyotufungia siku ile, kama tulizipanda au tulizila. Tulizila, Nyakabande. Tulimwambia ukweli na huo pia. Alitukaripia kama zamani, na mmoja wetu alilia kwa furaha ya kukaripiwa.

Hatumsahihishi mtoto tena. Tumempa Jomba kama habari: jina la mlima, jina la babu, njia ya kwenda shuleni, mahali pa kuteka maji. Anaweza kuwa na "kwetu" mbili, kama mtu anavyoweza kuwa na koko wawili. Mdogo wake, aliyezaliwa hapa, naye tutafanya hivyo hivyo.

Ndugu aliyetuuliza bado hatujamjibu, na labda atasoma hapa. Hatujui kama tutarudi. Tunataka kurudi. Mti umefika kiunoni na mbuzi wa mtu wamekula tawi moja, mwenye mbuzi ameshaambiwa. Nyuma ya mlango bado kuna mfuko tulioufunga tangu 2022: karatasi za ubatizo, kitambulisho kimoja cha uchaguzi na ufunguo wa nyumba ya Jomba. Mmoja wetu anasema tuutoe, tunauhitaji kwa kubebea mbegu msimu huu. Mwingine hataki uguswe. Hatujapatana.